Ujumbe ulisema SAWA, debe lilikuwa limejaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ilitetemeka chini ya mto, nikasoma usingizi bado umenishika: "06:30 KULISHA: SAWA". Nikajifunika tena kwa raha kabisa, maana huo ujumbe nilikuwa nimeuandika mwenyewe ndani ya programu na nilikuwa nauamini kuliko saa ya ukutani.

Saa mbili kasoro mjomba akapiga.

"Mjomba, umeamkaje? Hivi hii mashine yako imelisha leo?"

"Imelisha mjomba, meseji imeingia."

"Mimi nimesimama juu ya kizimba hapa. Debe limejaa vilevile nilivyoliacha jana jioni. Samaki wanaruka tu, wana njaa."

Nikakosa cha kujibu.

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita na toka siku hiyo kuna kitu kilinikaa kichwani kikagoma kutoka. Sio kwamba mashine ilifeli, mashine zinafeli kila siku. Kilichonikera ni lile neno SAWA. Lilitoka wapi kama mota haikuzunguka hata kidogo?

## Mashine yenyewe

Mjomba ana vizimba vya sato ziwani, upande wa Igombe, hapa Mwanza. Ukitoka mjini unapanda daladala, unapita Pasiansi, unapita uwanja wa ndege, unashuka unatembea kidogo, harufu ya dagaa inakupokea. Chakula cha samaki ni bei, kijana wa kulisha akichelewa au akimwaga kingi mara moja hela inaelea juu ya maji hivihivi unaiona inakwenda na mawimbi. Ndo nikamwambia mjomba niachie kizimba kimoja nikuwekee kifaa cha kulisha chenyewe.

Debe juu, chini yake kipande cha bomba la PVC, ndani ya bomba parafujo kubwa kama ile ya mashine ya kusagia nyama. Parafujo ikizunguka chakula kinasogea kinadondoka majini. Mizunguko 12 ndo mlo mmoja. Ya kuzungusha ni stepa mota, na ya kuiamrisha ni Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya kibao kimoja niliyokuwa nayo ndani muda mrefu, imechomekwa modemu ya USB ya kutuma meseji.

Nilichagua stepa kwa sababu moja tu, inahesabika. Mota ya kawaida unaipa umeme inakimbia inavyotaka, stepa unaipa mpigo mmoja inasogea hatua moja. Hatua 200 ni mzunguko kamili. Nikitaka mizunguko 12 natuma mipigo 2,400 basi.

Au ndo nilivyodhani.

## Radi ya njano

Nianze nyuma kidogo, kwenye meza yangu Nyakato, kabla hata ya kwenda ziwani.

Mota ya kwanza ilikuwa kale kadogo ka bei poa, 28BYJ-48, kanakotumia volti 5 na kanakuja na kibao chake chenye chipu ya ULN2003. Hii chipu ni ya lazima, kwa sababu pini za kawaida za Pi zinatoa volti 3.3 na kila moja isivutwe zaidi ya miliampea 16 hivi, wakati koili moja ya hiyo mota inataka kama 100. Kwa hiyo pini inatoa amri, chipu ndo inabeba mzigo. Mpaka hapo nilikuwa naelewa. Ila mzigo wenyewe ulikuwa unatoka wapi? Nikachomeka kwenye pini ya volti 5 ya Pi hiyohiyo, kwa sababu ipo pale na imeandikwa 5V, na mota ilizunguka vizuri tu.

Ilizunguka kama dakika mbili hivi. Kwenye skrini juu kulia kikatokea kialama cha radi ya njano, kikapotea, kikarudi, halafu kila kitu kikazima na kuanza kuwaka upya.

Nilirudia labda mara sita. Mara ya saba haikuwaka kabisa, kadi ya memori ilikuwa imeharibika, maana umeme umeyumba wakati inaandika.

Ukiandika `vcgencmd get_throttled` na ikakujibu `0x50000` ujue toka iwashwe kuna wakati volti zilishuka chini ya kiwango, kama 4.63, na prosesa ikapunguziwa kasi. Mimi nilikuwa nalaumu Pi, nikasema imezeeka. Kumbe tatizo ni waya. Chaja yangu ilikuwa ya simu na waya wake mwembamba, na waya wenye ukinzani wa omu 0.3 tu ukipitisha ampea 1.3 unapoteza karibu volti 0.4 njiani, inatoka 5 inafika 4.6. Pi peke yake ilikuwa inajikongoja, ukiongeza modemu na mota ndo unaizamisha.

Pini ya volti 5 haina umeme wake. Ni huohuo ulioingia kwenye tundu la chaja, unapita tu.

Hapo nikaamua kwamba mota itakuwa na njia yake ya umeme na Pi itakuwa na yake. Nilijiona nimemaliza.

## Volti 2.8 kwenye betri ya 12

Kale kamota hakakuwa na nguvu ya kusukuma chakula hata hivyo, ukijaza debe kanalia tu. Nikahamia NEMA 17, lile la pembe nne, upande mmoja sentimita 4.2, na draiva ya A4988, kile kibao kinachopokea mipigo ya Pi na kupeleka umeme kwenye koili za mota.

Kibandiko cha mota kinasema ampea 1.7, volti 2.8. Mimi nina betri ya volti 12, ile ya UPS, ampea-saa 9, na paneli ya sola. Siku nzima niliogopa kuunganisha. Volti 12 kwenye kitu kilichoandikwa 2.8? Ungekuwa mkono wako ungepeleka?

Ila ukikaa nayo inaeleweka. Koili ni kama mlango mzito, hauruhusu mkondo uingie ghafla, na stepa inataka mkondo uingie na kutoka kwa haraka kila hatua. Volti nyingi zinausukuma mlango haraka. Draiva inachungulia mkondo, ukifika kiwango ulichoweka inakata, ukipungua inaruhusu tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Zile volti 2.8 ni hesabu tu ya ampea 1.7 mara ukinzani wa koili, omu 1.65. Cha kulinda ni ampea, na ampea unaziweka mwenyewe kwa kukaskrubu kadogo pembeni ya draiva. Unapima volti pale kwenye kaskrubu, na kwa kibao changu chenye rezista za omu 0.1 volti hizo ni ampea mara 0.8. Nilitaka ampea 1.5 ili nisipate aibu ya mota kukwama, nikaweka volti 1.2. Kumbuka hii namba.

Mengine nayapitia haraka. GND ya betri, yaani upande wa hasi, na GND ya Pi lazima zikutane, nilisahau nikapoteza jioni nzima mota inatetemeka bila mwelekeo. Kapasita ya maikrofaradi 100 ikae karibu na draiva. Na usichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme, nilichomoa mara moja, draiva ikafa hapohapo.

Pi nikaipa kigeuzi cha kushusha volti 12 kuwa 5, kutoka betri ileile. Radi ya njano haikuonekana tena. Nikafunga kila kitu kwenye boksi, nikaziba na silikoni kwa ajili ya unyevu na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, tukakipeleka kizimbani kwa mtumbwi.

Siku nne kilifanya kazi safi. Mjomba alikuwa anaita watu waje kuona.

## Nililaumu kila kitu

Siku ya tano ndo ile simu.

Nilienda mchana, nikajaribu mbele ya mjomba, mota ikazunguka bila shida, chakula kikadondoka, samaki wakachemka. Mjomba hakusema kitu, aliniangalia tu. Kesho yake asubuhi ikafanya kazi. Keshokutwa ikaandika SAWA na debe likabaki limejaa. Siku iliyofuata haikutuma meseji kabisa, mpaka saa nne asubuhi ndo ikazinduka yenyewe, nikasema hii ya leo ni mtandao.

Nikalaumu chakula, nikasema kinanyonya unyevu usiku kinagandamana kwenye bomba. Nikabadilisha bomba. Nikalaumu programu, nikaipitia mstari kwa mstari nikaandika upya sehemu nzima. Nikalaumu mtandao. Kijana wa mjomba nilimuuliza mara mbili, tena kwa sauti ambayo siipendi nikiikumbuka, kama kuna mtu anagusa boksi usiku.

Hakuna aliyegusa.

Kinachoniuma ni kwamba mjomba alikuwa ameshaacha kumtuma yule kijana asubuhi, kwa sababu mimi nilimwambia aache. Kwa hiyo asubuhi mashine isipolisha, hakuna anayelisha mpaka mtu afike. Samaki wanaokua wakikosa mlo wa asubuhi mara tatu ndani ya wiki mbili, hiyo ni hela ya mtu, na huyo mtu ni mdogo wa mama yangu, amenisomesha.

Nikachomoa mota na draiva nikarudi navyo nyumbani.

## Mzee wa kusuka mota

Mtaani kwetu kuna mzee anasuka mota, za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Stepa hajawahi kusuka. Nilimpelekea tu kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye nikamweleza nikiwa nimechoka vile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwangaluka. Leo umebeba nini?"

Nikamwekea juu ya meza, nikaunga betri, Pi, kila kitu kama kilivyokuwa ziwani. Nikazungusha mizunguko 12 ikasimama. Nikaanza kueleza habari ya mipigo, na habari ya programu, na habari ya meseji, nikaongea sana, na mzee alikuwa ananisikiliza huku anavua miwani anaifuta. Dakika kama kumi na tano hivi. Halafu akaweka kiganja juu ya mota.

Akakitoa haraka.

"Hii inafanya kazi gani saa hizi?"

"Haifanyi kitu mzee, imesimama. Inasubiri."

Akarudisha kiganja, safari hii kidogokidogo, kwa ncha za vidole. Akashika mhimili, akajaribu kuuzungusha. Ukagoma. Akachomoa betri, akajaribu tena, ukazunguka kwa vidole viwili.

"Haijasimama hii," akasema. "Imeshikilia."

Kwa kweli nilikuwa najua. Yaani nilishasoma mahali kwamba stepa ikisimama inashikilia nafasi yake, na hiyo ni sifa yake, ndo maana inatumika kwenye mashine za kuchapa na za kukata chuma. Nilijua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Ila sikuwahi kuweka kiganja nikajiuliza ule moto unalipwa na nani.

Mzee akaendelea. Kwake, mota ya pampu isipozunguka ikiwa na umeme maana yake imekwama, na ikikwama inavuta mkondo mara nyingi ya kawaida, dakika chache koili zinaungua, yeye ndo anapata kazi. Ikipata mzigo mkubwa inavuta zaidi, mzigo ukipungua inavuta kidogo. Inajieleza kwa umeme inaovuta. Akaniuliza, na hii? Nikafikiri. Hii haijielezi. Draiva inapeleka kiwango kilekile kwenye koili, mzigo uwepo usiwepo, chakula kipite kisipite.

## Ampea 0.44

Nikaazima mita yake nikaipitisha kwenye waya wa betri unaoenda kwenye draiva. Mota imesimama. Mita ikasoma 0.44.

Sikuamini, na safari hii sikuamini kwa upande mwingine. Nilikuwa nimeweka ampea 1.5, na stepa ikisimama na koili zote mbili zina umeme kila moja inapata kama asilimia 70 ya kiwango, yaani ampea 1 na kidogo kila moja. Zote mbili ni ampea 2 na ushee. Betri inatoaje 0.44? Nikamwambia mzee mita yako imechoka. Akanipa ya pili. 0.44.

Tulikaa na hilo swali mpaka chai ikapoa. Jibu liko kwenye ule ukataji wa draiva. Koili inataka ampea nyingi lakini kwa volti chache sana, ampea 1.06 mara omu 1.65 hata volti 2 hazifiki. Betri inatoa volti 12. Draiva inapokata na kuruhusu inafanya kazi kama kile kigeuzi cha Pi, inachukua volti nyingi na ampea chache upande huu, inatoa volti chache na ampea nyingi upande ule. Ukipiga wati zinakubaliana. Koili mbili zinachoma kama wati 3.7, draiva nayo inapoteza zake, jumla kama wati 5 na robo. Gawanya kwa 12 unapata 0.44.

Wati 5 na robo. Za kutofanya kitu.

Nikapima upande wa Pi na modemu, ikaja kama 0.24. Yaani mota iliyolala ilikuwa inakula karibu mara mbili ya kompyuta iliyo macho.

Sasa huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama masaa 12 mwaka mzima, haurefuki haufupiki sana. 0.44 na 0.24 ni 0.68. Mara 12 ni ampea-saa 8 na kidogo. Betri yangu ni 9, na ukiivuta kwa masaa 12 hata hizo 9 kamili haikupi. Siku ya jua kali ilikuwa inafika asubuhi ikitambaa. Siku ya mawingu inaishia njiani. Nikafungua simu nikatazama tarehe. Sikuwa na kumbukumbu ya hali ya hewa ila nilikuwa na picha nilizopiga Igombe, na siku moja kabla ya kila asubuhi mbaya anga lilikuwa limefunga upande wa ziwa.

## Usiku mmoja Igombe

Hesabu ilikaa vizuri lakini haikujibu lile swali langu la kwanza. Betri ikiisha si kila kitu kizime? Pi ikizima hakuna meseji. Hiyo inaeleza ile siku ya kimya niliyosingizia mtandao. Haielezi SAWA.

Nikarudisha mashine kizimbani bila kurekebisha kitu, kwa makusudi, nikamuomba mjomba nilale kwenye kile kibanda cha walinzi. Mchana ule kulikuwa na mawingu. Nikavuta waya wa mita nje ya boksi.

Saa tatu usiku volti 12.3. Saa saba 11.6. Nilisinzia kidogo. Saa kumi 11.0, boksi ukiliweka kiganja lina vuguvugu, ziwa limetulia, mbali kule taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mji mwingine. Saa kumi na moja na nusu 9.8 na inashuka ukiiangalia. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, 7.6.

Kale kataa kekundu ka Pi kalikuwa kanawaka vizuri tu.

Saa kumi na mbili na nusu simu yangu ikatetemeka mfukoni. "06:30 KULISHA: SAWA". Nilikuwa nimesimama nusu mita kutoka kwenye mota na haikutoa hata mlio.

Draiva ya A4988 inataka volti 8 kwenda juu upande wa mota. Kigeuzi cha Pi kinaweza kuendelea kutoa volti 5 hata betri ikishuka mpaka 7 na kidogo. Katikati ya 8 na 7 kuna kaeneo kembamba ambako mota imeshakufa na kompyuta bado ni nzima, ina akili timamu, inatuma mipigo 2,400 kwa mota isiyosikia, inamaliza kuhesabu, inaandika SAWA. Haikudanganya kwa kutaka. Nilikuwa nimeiagiza iseme SAWA ikimaliza kutuma. Sikuwahi kuiagiza iangalie kama kuna kilichozunguka, na haikuwa na jicho la kuangalia.

Nikalisha kwa mkono asubuhi ile. Mjomba alipokuja nikamweleza yote tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa jukwaa miguu majini. Nikamuita yule kijana nikamuomba radhi.

## Nilichobadilisha

Draiva ina pini imeandikwa EN. Ukiipa volti inazima koili zote, ukiishusha inaziwasha. Mimi nilikuwa nimeiacha bila waya, na ikiachwa bila waya draiva inajiwasha yenyewe. Nikaiunga kwenye Pi, programu inawasha mota, inalisha, inazima. Nikaongeza rezista ya kilo-omu 10 kutoka EN kwenda volti 3.3, ili hata Pi ikiwa ndo inawaka na bado haijajua la kufanya, mota ibaki imezimwa.

Niliogopa kitu kimoja. Mota ikiachia, uzito wa chakula hautasukuma parafujo ijizungushe usiku? Kabla sijaiamini nikachora mstari kwa maka peni, nusu kwenye mhimili nusu kwenye bomba, nikajaza debe mpaka juu, nikaacha usiku mzima na mawimbi yanatikisa. Asubuhi mistari ilikuwa imekutana vilevile. Chakula kinakandamiza meno ya parafujo lakini hakiwezi kuizungusha. Ungekuwa unanyanyua kitu kwa kamba jibu lingekuwa tofauti, kingeshuka, kwa hiyo usininakili bila kupima mstari wako.

Kile kiwango cha volti 1.2 nikakishusha mpaka 0.56, yaani ampea 0.7, bomba likiwa safi inatosha kabisa. Nyaya za mzigo nikazitoa kwenye betri nikazipeleka kwenye matundu ya mzigo ya chaji kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ambayo inakata yenyewe kabla betri haijafika chini sana. Betri za risasi zikizoea kushushwa mpaka mwisho zinakufa mapema, na hii yangu nadhani nimeshaipunguzia umri. Usiku sasa unakula kama ampea-saa 2.9 tu.

Lile neno ndo lilinichukua muda. Kwanza nilitaka kuongeza kipimo cha volti, kwamba betri ikiwa chini isiseme SAWA. Ila hiyo ingekamata kosa hili tu. Bomba likiziba, draiva ikiungua, waya ukikatwa na panya, ingesema SAWA vilevile. Nikatoa sumaku ndogo kwenye spika mbovu, nikaibandika kwenye mhimili wa parafujo yenyewe, upande wa mbali na mota, na pembeni nikafunga swichi ya sumaku, ile ya kioo inayotumika kwenye alamu za milango. Kila mzunguko wa kweli unaifunga swichi mara moja. Pi inahesabu hizo, mipigo inayotuma hainihusu tena.

Na SAWA nikaifuta. Sasa inaandika namba tu, imezunguka ngapi kati ya ngapi, mjomba anaipata meseji hiyohiyo ninayoipata mimi, na yule kijana karudi kwenye zamu ya asubuhi, kazi yake ni kusoma namba.

Wiki ya kwanza zilikuja 12 kati ya 12 asubuhi, mchana, jioni. Juzi ikaja "06:30 KULISHA: 9 KATI YA 12". Nilikuwa bado natafuta viatu mjomba akanitumia meseji.

"Mjomba usije. Uzi wa mfuko wa chakula uliingia kwenye parafujo, kijana ameutoa. Tatu zilizobaki amelisha kwa mkono."